Siku Tuliyoshindwa Kuvuka Mto

Jamaa nyingi zinarudi safarini na mafoto mazuri ya kuweka ukutani. Jamaa yangu ilirudi kutoka Kisangani na kiatu kimoja, telefone yenye mafoto yaliyofutwa, na dola mia moja ambayo hakuna mtu aliyeitaka. Kila mara watu wanapotuuliza, "Safari ilikuwa namna gani?", watoto wanacheka kwanza. Halafu binti yetu mkubwa ananiangalia, na mimi ninanyamaza kidogo. Leo ninataka kuwaelezea kwa nini ninanyamaza.

Nilizaliwa Kolwezi, lakini kazi yangu ya mgodi iko upande wa Zambia, karibu na mpaka wa Kasumbalesa. Mama watoto ni mtu wa Kisangani. Watoto wetu watatu walizaliwa huku Zambia. Shuleni wanasoma Kiingereza, njiani wanacheza kwa Kibemba, na Kiswahili ni lugha ya mezani. Kongo ni inchi ya wazazi wao, lakini kwao ni inchi ya kigeni, inchi ya paspoti na kadi ya njano ya chanjo.

Mwezi wa nane, mwaka 2019, shule zikiwa zimefungwa, tulisema: safari hii twende. Koko yao, mama mukwe wangu, alikuwa hajawahi kuona watoto wetu wawili wa mwisho. Alikuwa anakaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Tulifika Kisangani siku ya tano jioni, tukalala Makiso kwa ndugu ya mama watoto. Siku ya posho ndiyo tuliyoiweka kwa kutembea na kuona muji.

MPANGO KWENYE KARATASI

Mtu wa mgodini anapenda zamu. Zamu ikisema saa mbili, ni saa mbili. Basi nilichukua karatasi nikaandika: saa mbili asubuhi, katedrale ya Notre-Dame du Rosaire, ile iliyo karibu na mto. Saa tatu, maporomoko ya Wagenia. Saa sita, mto Tshopo na daraja lake. Saa tisa, kuvuka Lubunga. Saa kumi, kula kwa Koko. Niliwasomea watoto ile karatasi, kisha nikaikunja nikaiweka mfukoni mwa shati.

Kulikuwa na neno moja hasa nililotaka waone. Sisi wa Kolwezi tunajua Lualaba. Mto huo unaanza kwenye nyanda za juu za Katanga, si mbali na mpaka wa Zambia. Unapita karibu na Kolwezi, na pale Nzilo maji yake yamefungwa kwa bwawa ili yatoe umeme wa migodi. Baadaye unapita Bukama, unaingia katika maziwa ya Upemba, unapita Kongolo, Kindu na Ubundu. Baada ya Ubundu unashuka maporomoko saba, yale yanayoitwa Boyoma, katika mwendo wa kilomita mia moja hivi. Poromoko la mwisho ndilo la Wagenia, pale pale Kisangani, na kuanzia hapo mto haubebi tena jina la Lualaba. Unaitwa Kongo. Niliwaambia watoto: "Maji yanayowasha taa za mgodi kule kwetu, mtayakuta huku yakiwa makubwa kama bahari."

DOLA YENYE KUPASUKA

Matata yalianza mbele ya chai. Nilikuwa na noti moja ya dola mia, na kwacha kidogo zilizobaki. Mbadilisha feza alichukua ile noti, akaiinua kwenye jua, akanirudishia.

"Papa, hii imepasuka."

Niliangalia. Pembeni kulikuwa na mpasuko mdogo sana, si mrefu kuliko punje ya mchele. Nilimwambia kwamba dola ni dola. Akacheka kwa heshima: "Kule kwenu ndiyo. Huku, hapana." Wa pili alikataa, na wa tatu vilevile. Anayeijua Kongo anajua jambo hili: noti ya dola yenye kupasuka hata kidogo, watu hawaitaki. Mimi nililijua tangu utoto, lakini miaka mingi ya kukaa ng'ambo ilinisahaulisha. Na kwacha, hakuna aliyetaka hata kuzishika.

Shemeji akatukopesha franka. Tulipoondoka kwake ilikuwa saa tatu na nusu. Nilitoa ile karatasi, nikabadilisha masaa kwa kalamu.

Kisha mvua ikanyesha. Kisangani iko karibu sana na ikweta, na mvua haina msimu wake wa kukaa nyumbani. Tulijificha chini ya baraza ya duka kwa muda wa saa moja, watu watano na mwavuli mmoja. Katedrale tuliiona kwa mbali tu, ikiwa nyeupe ndani ya mvua.

KWA WAGENIA

Lakini maporomoko tuliyaona, na sitasema uongo: ni kazi kubwa. Mto wote unaanguka juu ya mawe, maji yanapiga kelele mpaka mtu anamsemesha mwenzake sikioni. Katikati ya yale maji makali Wagenia wanasimamisha miti mikubwa, miguu yake imeingizwa ndani ya mashimo ya mawe, yote inafungwa kwa kamba za porini. Hakuna musumari. Kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vikubwa, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki akisukumwa na nguvu ya maji anaingia ndani na hawezi kurudi. Wanaume wanatembea juu ya ile miti wakiwa peku, kama sisi tunavyotembea barazani, wanavuta vikapu na kuangalia kilichomo.

Kijana wetu wa miaka kumi aliniuliza: "Papa, nani aliwafundisha?" Mzee mmoja aliyekuwa karibu alijibu: "Baba." Mtoto akauliza tena: "Na baba yako?" Mzee akasema: "Baba yake." Basi, masomo yakaishia hapo.

Niliwaelezea watoto kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka 1877 Stanley alipita hapa akishuka mto, na maporomoko haya saba yalimchukua zaidi ya wiki tatu, maana mitumbwi ilibidi kuvutwa nchi kavu. Waliovuta walikuwa zaidi watu waliotoka naye Zanzibar, wasemaji wa Kiswahili. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip wa Zanzibar aliwekwa kuwa liwali wa sehemu hizi. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili kinasikilika Kisangani pamoja na Lingala.

Nikiwa bado ninafundisha, mama watoto aliteleza. Mawe yale yakiloa yanakuwa kama sabuni. Yeye mwenyewe nilimshika mkono, lakini kiatu kimoja kilitoka mguuni, kikazunguka mara mbili majini, kikaenda. Tulisimama sote tukikiangalia. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kwa njia ya mto ni kilomita zaidi ya 1.700, na kijana wetu alisema: "Mama, kiatu chako kitafika Kinshasa mbele yetu." Tulicheka mpaka machozi. Ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile.

Mtoto wa mwisho, wa miaka sita, alikuwa ameanza kushika tumbo. Shemeji alikuwa amemwonya asinywe maji yasiyochemshwa, lakini yeye alikunywa kwa watoto wenzake. Sitaandika yaliyofuata, kila mzazi anayajua. Si sisi wa kwanza. Mwaka 1951 Wamarekani na Waingereza walikuja kutengeneza filamu "The African Queen". Walianza kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, ulioitwa wakati ule Ponthierville, kisha wakaenda Uganda. Meli yao ndogo ilizama, wakaivuta tena juu, na wengi wao waliugua tumbo kwa sababu ya maji. Watu wenye feza nyingi na madaktari! Nilimweleza mama watoto habari hiyo ili nimtulize. Alikuwa amesimama kando ya njia, mguu mmoja peku, mtoto mgongoni. Hakutulia.

DARAJANI

Kwenye mto Tshopo kuna maporomoko mengine, na kituo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1950. Kijana wetu alitaka kuonyesha wenzake shuleni. Akatoa telefone, akapiga picha ya daraja.

Watu wawili wasiovaa sare wakatoka sijui wapi. Walisema kupiga picha ya daraja ni kosa. Walichukua telefone, wakachukua na paspoti yangu, wakaniita pembeni. Tulizungumza muda mrefu. Sikuwajua ni wa kazi gani, na sikuthubutu kuuliza sana. Mwishoni telefone ilirudi, mafoto yote yakiwa yamefutwa, hata yale ya Wagenia. Franka za kukopa nazo zilipungua.

Kosa moja lilikuwa langu. Nilijua kwamba Kongo madaraja, uwanja wa ndege, bandari na majengo ya serikali si vitu vya kupiga picha ovyo. Nilikuwa nimeandika masaa yote kwenye karatasi, lakini hilo sikuliandika, wala sikumwambia mtoto. Badala ya kukubali, nilimkaripia mbele ya watu. Alilia, na hakunisemesha tena.

SAA KUMI NA MOJA, PEMBENI MWA MTO

Tulifika kwenye kivuko saa kumi na moja jioni. Kivuko kikubwa cha magari hakikuwa kinavuka. Kulikuwa na bwato moja refu lenye motere, likijaza watu wa kwenda Lubunga. Nilikuwa nimekwisha kumpigia Koko simu mara tatu: "Mama, tunakuja. Tuko karibu." Yeye alikuwa ameweka chakula tangu saa tisa.

Niliangalia lile bwato. Lilikuwa na watu wengi, magunia ya makala, kinga mbili, bidoni za mafuta, na mbuzi aliyefungwa miguu. Jile ya kuokoa maisha sikuona hata moja. Kutoka ukingo wa mti mpaka maji ilibakia kama upana wa kiganja. Upande wa juu wa mto wingu jeusi lilikuwa linapanda.

Yote hayo niliyaona. Lakini niliona pia uso wa mama watoto, ambaye ng'ambo ile ni kwa mama yake. Nilifikiri ile karatasi mfukoni. Nilifikiri kwamba siku nzima nimeshindwa, basi hili moja nisishindwe.

"Panda, Papa, fasi iko!" alisema mwenye bwato. "Hii inabebaka watu wengi kuliko hawa!"

Nikanyanyua mtoto wa mwisho ili nimpitishe. Binti yetu, wa miaka kumi na mitatu wakati ule, akaweka sanduku chini, akakaa juu yake.

"Papa, mimi sipandi."

Nilimwambia asimame. Nilimwambia Koko anangoja. Watu walianza kuguna, mmoja akasema watoto wa siku hizi wanaamuru wazazi. Sauti yangu ikapanda. Yeye hakupandisha yake. Alisema tu:

"Papa, kule mgodini unasemaka mtu yeyote akiona hatari anaweza kusimamisha kazi. Hata yule aliyeingia kazi jana. Hata kama mkubwa amekasirika."

Ninyi wafanyakazi wa mgodi mnajua neno hilo. Mimi ndiye ninayelifundisha kila asubuhi mbele ya zamu. Nimelisema mezani nyumbani mara nyingi, nikijisifu kidogo. Sikujua kwamba kuna mtu mezani aliyelishika.

Nilimrudisha mtoto kwa mama yake. Nikamwambia mwenye bwato: "Enda. Sisi tunabaki."

Lile bwato lilifika ng'ambo salama. Ninaliandika kwa sababu ni kweli. Tulilitazama mpaka watu waliposhuka, na kijana mmoja pembeni yetu akacheka: "Mngekuwa mmekwisha kufika." Wingu nalo lilikuja, upepo ukapiga mto mpaka maji yakawa meupe, lakini lile bwato lilikuwa limekwisha kupita. Usiku ule sikupata usingizi. Niliona haya kwa kumkosesha mama mukwe, na nilijiuliza kama mtoto alikuwa amekosea.

Sasa ninajua kwamba hakukosea. Chini ya ardhi, jiwe lisiloanguka leo halijakwambia kwamba paa ni zima. Wangapi walipanda wakafika, wakapanda tena wakafika, mpaka siku moja? Karibu kila mwaka tunasikia habari za mabwato na balenieri zilizozama katika mito na maziwa ya Kongo, na kila mara maneno ni yale yale: watu wengi kupita kiasi, mizigo, usiku, upepo, hakuna jile. Wale waliokufa nao walikuwa na mtu aliyewangoja upande wa pili na chakula.

KOKO ANAVUKA

Nilipompigia Koko kumwambia hatuji, nilitayarisha maneno mengi. Hakuyahitaji. Alisema: "Bokilo, chakula hakina miguu, lakini mimi ninayo. Kesho nitakileta."

Siku ya yenga asubuhi, mto ukiwa umetulia kama sahani, alishuka kutoka kwenye bwato la kwanza, lenye watu wachache. Alikuwa na sufuria mbili kichwani na kwenye mkono: lituma, sombe, na samaki aliyepikwa ndani ya majani. Watoto wawili aliokuwa hajawaona alisimama akawaangalia kwanza, bila kusema kitu. Kisha akaweka vyakula chini.

Tulikula barazani kwa shemeji. Nikaomba musamaha kwa yale ya jana. Hapo ndipo aliposema neno ambalo mke wangu mwenyewe hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mama yake.

Mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya Kisangani. Watu wanaiita vita ya siku sita. Makombora maelfu yalianguka juu ya nyumba, mashule na makanisa, na raia mamia walikufa katika vita isiyokuwa yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya maovu ya miaka ile ya vita. Wakati ule wa 2000 mke wangu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na wiki ile alikuwa kwa shangazi yake katika komini ya Tshopo. Mama yake alikuwa Lubunga. Hakuna telefone. Hakuna bwato.

"Nilikaa pale mutoni siku sita," Koko alisema. "Ninasikia mabomu, sijui kama mtoto wangu iko muzima. Siku ya saba nikavuka. Nikamukuta." Alimgeukia binti yetu akamshika kidevu. "Na wewe unafikiri nitakasirika kungoja usiku moja? Nilikuwa ninangoja watu wazima, si watu wa haraka."

Mke wangu aliinuka akaingia ndani. Alirudi baada ya muda, macho mekundu, akamwongezea mama yake samaki.

Jioni ile nilimwita kijana wetu. Nilimwambia kwamba kosa la picha lilikuwa langu, na kwamba nilimkaripia kwa sababu niliona haya mbele ya wale watu. Alisema, "Ndiyo, Papa," kama watoto wanavyosema. Kisha aliniuliza kama tunaweza kurudi kwa Wagenia kupiga picha tena. Siku ya kwanza tulirudi. Hatukuwa na karatasi.

KWA JAMAA ZINAZOJITAYARISHA KUSAFIRI

Ninaweka hapa mambo machache tuliyojifunza kwa gharama:

Angalieni noti zenu nyumbani. Noti ya dola yenye kupasuka, kuandikwa au kuzeeka sana haitapokelewa Kongo. Chukueni noti ndogondogo pia, zikiwa safi.

Ulizeni mbele ya kupiga picha. Waelezeni watoto mapema mahali pasipopigwa picha.

Mtoto anywe maji yaliyochemshwa tu, na mzazi aweke dawa ya kuhara na chumvi za kuongeza maji mwilini katika sanduku.

Vaeni viatu vya kufunga mkisimama karibu na maji.

Mto uvukwe asubuhi, ndani ya chombo kisichojaa. Kama hakuna, ngojeni.

Siku moja ipewe mambo mawili. Sisi tuliipa matano.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kwa wazazi: Katika nyumba yenu, mtoto anaweza kusema "hapana, hapa kuna hatari" bila kuogopa? Mara ya mwisho alisema lini?

2. Kwa vijana: Binti huyu hakupiga kelele wala hakutukana. Alitumia maneno gani, na aliyapata wapi?

3. Kwa wote: Kuna nani anayewangoja, ambaye hamjamwona kwa muda mrefu? Mnaweza kumpigia simu leo?